Mwethya: Watu Wachache, Kazi Kubwa

Majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya na safari zetu yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi nimechagua historia ya jambo lililokuwako Ukambani kabla ya kwaya yoyote: majirani wachache kukubaliana siku, kushika majembe na kumtumikia mwenzao bila malipo. Nimeichagua kwa sababu baada ya sherehe hii tunakusudia kujigawa katika vikundi vidogo vya huduma, na wazee wetu walishaipita njia hiyo.

Mwethya uliitwa na mtu mwenye kazi iliyomzidi nguvu, kama vile kujenga nyumba au kufyeka shamba. Jamaa na majirani walikuja, kazi ikaisha, wakala pamoja, kila mtu akaenda kwake. Mwilaso ulikuwa mdogo zaidi. Marafiki wachache walilima shamba la huyu leo na la yule kesho, mpaka zamu ikawazungukia wote. Desturi hii haikuwa yetu peke yetu: Wakikuyu waliita ngwatio, Wajaluo wakaita saga.

Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechoka. Mvua ilibeba udongo, makorongo yakapasua vilima. Serikali ya kikoloni ilitaka kutibu ugonjwa huo kwa amri. Mwaka 1938 ilichukua ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza mifugo. Umati wa Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye jina lake sasa limo katika barabara ya Nairobi, ulikwenda mjini humo kudai mifugo yao. Yeye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha mpango wake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia amri ilirudi kwa sura nyingine. Watu walitolewa majumbani asubuhi fulani za wiki kwenda kuchimba matuta, machifu wakiwasimamia. Matuta yalichimbwa, lakini mengi hayakutunzwa. Mtu hatunzi kazi asiyoiona kuwa yake.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, kazi hiyo ilipowekwa mikononi mwa myethya. Wanakikundi walichagua viongozi wao wenyewe. Wengi wao walikuwa akina mama, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wakitafuta mshahara mijini na kwenye mashamba ya walowezi. Walichagua hata aina ya tuta. Tuta linaloitwa fanya juu lilipendwa: unachimba mtaro kukingama mteremko, unatupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi juu ya tuta. Mwaka baada ya mwaka mvua inajaza udongo nyuma yake, na mteremko unakuwa ngazi za mashamba. Kazi hiyo ilifanywa kwa nyimbo. Anayeongoza anatoa sauti, wenzake wanaitikia, na majembe yanashuka pamoja.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos. Walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 hivi miaka 60 baadaye, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno yakaongezeka. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo kahawa, masoko na mishahara ya mjini. Lakini bila myethya, matuta mengi tunayoyaona tukienda kanisani yasingekuwako.

Taifa zima lilijifunza somo hilo hilo. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa wito wa nchi, na wananchi wakajenga shule na zahanati kwa mikono yao. Baadaye michango mingi ilikuja kutozwa kwa shuruti, hata sheria ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kukusanya pesa za harambee. Neno lilibaki, ila hiari ilipoondoka, furaha iliondoka nayo.

Nayasema haya kwa sababu katika mkutano wetu wapo waliopendekeza kwamba asiyekwenda kwenye huduma atozwe faini, kama tunavyofanya kwa wanaochelewa mazoezini. Mimi ndiye ninayeshika rejista, na naomba tusifanye hivyo. Someni Nehemia sura ya 3. Kila jamaa ilijenga kipande cha ukuta, wengi wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wakuu wa Watekoa walikataa kuinama. Hatusomi kwamba walitozwa kitu, waliandikwa tu. Watekoa wa kawaida wakajenga hata kipande cha pili, na ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Basi vikundi vyetu viwe vya watu sita au saba wanaofahamiana na wanaokaa karibu. Kila kikundi kijichagulie kiongozi, siku moja ya mwezi, na nyumba moja ya kuanzia. Kazi iwe ndogo inayoweza kuisha siku hiyo. Tumeimba katika mazishi mengi, tukasifiwa, tukapanda gari tukarudi. Mvua inaponyesha wiki chache baadaye, ni nani anayelima shamba la mjane tuliyemwimbia? Hapo ndipo pa kuanzia.

Katika Walawi 25, jubilei haikuwa sherehe ya tarumbeta pekee. Ardhi ilirudi kwa mwenyewe, na aliyeelemewa alipumzishwa mzigo. Tukimaliza kuimba na kukata keki, tuchukue majembe. Sauti tunazo tayari, na kuitikiana tumekwisha kuzoea.



Katibu wa Kwaya