Je, Likizo ya Nyumbani ni Likizo? Historia Fupi ya Livu, Utalii na Kutembea

Utangulizi

Walimu wa Kiswahili katika ukanda wetu tuna desturi moja isiyokufa. Kila muhula unapoanza tunawapa wanafunzi insha yenye kichwa "Likizo Yangu". Muhula huu nasi tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza insha hiyo, na katika kusahihisha tulikutana na kazi mbili ambazo zimetusukuma kuandika makala haya.

Mwanafunzi wa kwanza aliandika kurasa tatu kuhusu safari ya Mombasa. Mlikuwa na minazi, upepo mwanana, samaki wa kukaanga, na jioni moja aliyokaa ufukweni akilitazama jua likizama baharini. Machweo hayo yalituvutia, tukampa alama 17 kati ya 20. Mwanafunzi wa pili aliandika nusu ukurasa. Alisema kwamba yeye hakuwa na likizo. Alikwenda kwao Kasese kumsaidia bibi yake kuvuna kahawa, kisha akarudi chuoni. Katikati mlikuwa na sentensi moja kwamba basi lilisimama karibu na daraja la Katunguru kwa sababu tembo walikuwa wakivuka barabara. Tulimpa alama 9 na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Fupi mno. Eleza zaidi."

Insha zilikuwa zimekwisha kurudishwa tulipozinduka. Mombasa iko pwani ya mashariki. Kule jua huchomoza baharini. Kuzama huzama upande wa bara. Sisi ambao tulipita Mombasa zaidi ya mara moja tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam tulipaswa kuling'amua jambo hilo papo hapo.

Hatusemi haya ili kumuumbua kijana wetu. Kinachotushughulisha ni swali jingine: kwa nini mmoja aliona ni lazima abuni safari ya nchi nyingine ili awe na likizo ya kuandika, na mwenzake aliyesafiri kweli, tena mbali, akaona hakuwa na likizo kabisa? Kwa maoni yetu jibu linapatikana katika historia, wala si katika somo la utungaji peke yake.

Livu mbili za watawala

Likizo yenye malipo si desturi kongwe. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kuhusu likizo ya namna hiyo mwaka 1936, na Uingereza yenyewe ikatunga sheria yake mwaka 1938. Hata hivyo, katika makoloni ya Afrika Mashariki maofisa wa Kiingereza walikuwa na likizo zao kabla ya hapo, na likizo hizo zilikuwa za aina mbili.

Aina ya kwanza ilikuwa likizo ya kurudi kwao. Ofisa alifanya kazi kwa kipindi cha miaka miwili hadi mitatu hivi, kisha akapewa miezi kadhaa ya mapumziko na nauli ya kwenda Uingereza. Wengi walipanda meli Mombasa na kupitia Mfereji wa Suez. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: iliaminika kwamba mwili wa Mzungu hudhoofika katika nchi za joto, na hauna budi kurudishwa penye baridi. Aina ya pili ilikuwa likizo fupi ya kutumiwa humu humu. Waliokuwa nayo walikwenda Malindi, ambako hoteli za Wazungu zilianza kujengwa miaka ya 1930, au nyanda za juu za Kenya, au Kigezi hapa Uganda. Likizo hii ilikuwa ya siku chache, na kila mtu alijua kwamba ilikuwa ya kupozea tu wakati ile kubwa ikingojewa.

Tunaomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Wazo kwamba likizo kamili ni ile ya kuvuka bahari, na kwamba ile ya ndani ya nchi ni pungufu, halikutoka kwa wazee wetu. Liliandikwa katika kanuni za utumishi, na lilikuwa na mantiki kwa walioliandika, kwa kuwa kwao kulikuwa ng'ambo. Tulipopata uhuru tuliwarithi katika ofisi zao, na inaelekea tulirithi pia kipimo chao cha likizo, ingawa kwetu ni hapa hapa.

Livu ya karani na askari

Mfanyakazi Mwafrika naye alipata mapumziko, na ndiye aliyeliingiza neno "livu" katika Kiswahili kutoka Kiingereza. Karani, askari na mfanyakazi wa reli waliposema wanakwenda livu, walimaanisha kwenda kwao. Lakini tusidhani walikwenda kulala usingizi. Katika mfumo wa kikoloni mshahara wa mfanyakazi wa mjini kwa kawaida ulipangwa kana kwamba hana familia ya kulisha. Mke na watoto walitarajiwa kuishi kwa mazao ya shamba kijijini. Kwa hiyo livu ilikuwa wakati wa kuezeka nyumba, kulima, kulipa kodi, kuposa, kuzika na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mtu alitoka kazi moja akaingia nyingine.

Desturi hiyo ingali nasi. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, kwa mfano, "nauli ya likizo" imekuwa haki inayotajwa na walimu kila mara wanapozungumzia madai yao, na maana yake ya msingi ni nauli ya kumfikisha mtu kwao. Hapa kwetu Uganda mwanafunzi akisema "nilikwenda kijijini kuchimba", humaanisha kulima. Sisi walimu humsahihisha kitenzi hicho haraka sana. Mara chache humuuliza kama alipumzika.

Basi binti yetu wa Kasese hakukosea aliposema kwamba hakuwa na likizo. Alikuwa anaeleza kwa usahihi livu ile ya karani: safari ya wajibu.

Mtalii ni nani?

Sasa tumtazame kijana wa Mombasa. Yeye alijua kwamba anayeandikiwa insha nzuri ni mtalii. Neno "kutalii" lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusiana na kuangalia na kuchunguza. Kwa maana hiyo mtu yeyote anayesafiri ili aone na ajifunze ni mtalii. Lakini katika vinywa vya watu mtalii amekuwa Mzungu mwenye kofia na kamera.

Hata taasisi za dunia zilichangia fikra hiyo. Mwaka 1937 Shirikisho la Mataifa lilimweleza mtalii kuwa mtu anayesafiri kwa saa 24 au zaidi katika nchi isiyo yake ya makazi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Roma mwaka 1963 ulifuata njia hiyo hiyo. Aliyetembea ndani ya nchi yake hakuhesabiwa. Ilibidi kungoja Azimio la Manila la mwaka 1980 na mkutano wa Ottawa wa mwaka 1991 ndipo utalii wa ndani ukapewa nafasi inayostahili.

Wakati huo hifadhi zetu zilikuwa zimekwisha kuwekwa kwa ajili ya macho ya wageni. Hifadhi ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, Serengeti mwaka 1951, na ile inayopitiwa na barabara ya Kasese mwaka 1952, ikapewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake ya mwaka 1954. Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro mwaka 1959. Ni vigumu kumwambia mtu aliyeondolewa mahali arudi pale kustarehe, tena kwa kiingilio.

Viongozi wetu wa mwanzo nao hawakuuona utalii kuwa starehe ya wananchi. Mwalimu Julius Nyerere hunukuliwa mara nyingi akisema kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba, ingawa aliunga mkono kwa dhati kuhifadhiwa kwa wanyama, kwa kuwa baada ya almasi na mkonge wao ndio wangeiletea nchi fedha. Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard wakiuliza kama utalii unaafikiana na ujamaa. Pande zote mbili zilibishana hasa juu ya mgeni: fedha zake na tabia zake. Mwananchi kuwa mtalii nchini mwake halikuwa swali lililopewa uzito. Kenya ilipofungua Chuo cha Utalii mwaka 1975, kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana kuwahudumia wageni.

Safari zisizohesabiwa

Pamoja na hayo yote, watu wetu hawajapata kuacha kusafiri ndani ya nchi zao na za jirani kwa hiari na kwa furaha. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni maelfu ya mahujaji hufika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengine wakitembea kwa miguu siku nyingi, wengine wakitoka Kenya, Tanzania na Rwanda. Pwani, Maulidi ya Lamu, ambayo jina la Habib Swaleh haliwezi kutenganishwa nayo, huvuta watu kutoka visiwa na miji mingi. Makunduchi, Zanzibar, watu wa mjini hufika kila Julai kutazama Mwaka Kogwa.

Tulipokuwa Dar es Salaam tulishuhudia pia safari ya Desemba ya Wachaga. Stendi ya mabasi ilifurika, nauli zikapanda, na wenzetu wa Kilimanjaro wakataniwa kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Walicheka, wakapanda basi. Walikwenda kuwaona wazazi, kula nyama na kuwaonyesha watoto asili yao. Wajibu ulikuwapo, lakini na raha ilikuwapo. Hakuna aliyewaita watalii.

Kurudi kwa neno "kutembea"

Katika miaka ya 2010 serikali za ukanda huu zilifanya jambo linalopaswa kuwavutia wanaisimu. Zilipotaka kuwahimiza wananchi wazijue nchi zao, ziliyaweka kando maneno ya kigeni. Rwanda ilisema "Tembera u Rwanda". Kenya ilisema "Tembea Kenya". Uganda ilisema "Tulambule", kutoka kitenzi cha Kiganda kulambula, kinachotumika pia Kabaka anapozuru masaza yake kuona hali ya watu wake. Vitenzi hivi ni vya kwetu, na katika Kiswahili kutembea hubeba yote mawili: kwenda kwa miguu na kwenda kuwaona watu.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kuanzia Machi uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa abiria wa kawaida hadi tarehe 1 Oktoba kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Nchi nzima ilitambua jinsi ilivyojenga hoteli na mbuga kwa kumtegemea mtu anayeshuka kwenye ndege, na mwenye nchi akaanza kualikwa kwa punguzo la bei.

Hatuna budi kusema ukweli hapa. Kampeni haziondoi gharama. Kiingilio cha raia ni nafuu, lakini gari la kukodi na chumba cha hoteli huishinda mishahara ya walimu wengi. Vilevile si haki kumwambia anayevuna kahawa kwamba anatalii. Kazi ni kazi hata kama mandhari ni mazuri.

Hitimisho

Je, likizo ya nchini mwako ni likizo ya kweli? Sisi tunajibu ndiyo, kwa masharti mawili: uwe umepumzika, na uwe umeangalia. Mpaka wa nchi si sharti. Mpaka uliingizwa katika kipimo hiki na watu ambao kwao kulikuwa ng'ambo, na wenye takwimu wakaufanya kanuni.

Tulimwita yule binti ofisini. Tulimwonyesha katika ramani kwamba kutoka Kampala kupitia Masaka hadi Kasese aliivuka ikweta mara mbili, Kayabwe na karibu na Kikorongo, mahali ambapo wageni husimama kupigwa picha. Tukamwomba aandike upya. Aliuliza, "Mwalimu, hata tembo niwaandike? Si huwa wapo tu?" Tukamjibu awaandike, na bibi yake pia, na ile siku moja, kama ilikuwapo, ambayo hakuvuna chochote. Alileta kurasa nne. Siku hiyo ilikuwapo: ilinyesha, wakakaa jikoni, bibi akamsimulia jinsi alivyokuwa akienda Katwe kununua chumvi enzi za ujana wake. Alama 9 tumeifuta. Kijana wa Mombasa naye ameombwa aandike kuhusu mahali alipokuwa hasa.

Kwa walimu wenzetu pendekezo letu ni dogo. Kichwa "Likizo Yangu" kimekuwa kikiwauliza wanafunzi swali la ofisa wa kikoloni bila sisi kujua. Muhula ujao sisi tutaandika ubaoni: "Eleza mahali ulipotembea na ulichokiona." Tunawaalika nanyi mjaribu, kisha mtuandikie katika toleo lijalo mlichokipata.