Kwaya ya Mtu Mmoja

Mashabiki wa Bon Iver wanaipenda mno hadithi ya kijumba. Majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, Justin Vernon, kijana wa Eau Claire, Wisconsin, alijifungia katika kijumba cha kuwindia cha baba yake. Bendi yake ilikuwa imevunjika huko North Carolina, mapenzi yamekwisha, na ini lilikuwa limemsumbua. Baada ya miezi mitatu hivi akatoka na nyimbo tisa. Albamu hiyo, For Emma, Forever Ago, aliitoa mwenyewe 2007, kisha kampuni ya Jagjaguwar ikaisambaza 2008.

Ndiyo maana 22, A Million ilipotoka Septemba 2016, wengine walihisi wamesalitiwa. Gitaa limesukumwa pembeni, sauti imekatwakatwa, majina ya nyimbo yamejaa tarakimu na alama. Yule mtu wa msituni kaenda wapi?

Mimi nadhani swali hilo lilikosea tangu mwanzo, kwa sababu kijumbani mlikuwa na kompyuta. Vernon alikuwa peke yake, lakini tunachosikia ni kwaya, na kwaya nzima ni yeye: kajirekodi mara nyingi, sauti nyembamba juu ya sauti nyembamba. Upweke ule unaotuliza ulitengenezwa kwa mashine.

Na si yeye wa kwanza. Mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan walizunguka kusini mwa Marekani na mashine nzito ya kurekodi ndani ya gari, wakafika gereza la Angola, Louisiana, wakamkuta Lead Belly. Nyimbo zilizokuja kuitwa sauti halisi ya wananchi ziliwafikia wasomi wa mijini kupitia mashine kama hiyo. Hata hivyo, Julai 1965, Bob Dylan alipopanda jukwaani Newport na gitaa la umeme, baadhi ya watu walimzomea. Uhalisi, inaonekana, ni ile mashine tuliyokwisha kuizoea.

Kwa Vernon dalili zilikuwepo mapema. Wimbo “Woods” wa 2009 hauna ala hata moja, ni sauti yake tu, iliyopitishwa kwenye Auto-Tune na kurundikwa tabaka kwa tabaka. Mwaka uliofuata Kanye West aliutumia ndani ya wimbo wake mwenyewe. Albamu ya 2011 ikaleta saksafoni na vinanda vya umeme, na Februari 2012 Bon Iver ikapata tuzo mbili za Grammy. Umaarufu ulimwelemea. Mbegu ya wimbo unaofungua 22, A Million aliipata akiwa peke yake katika kisiwa kimoja cha Ugiriki, akiwa na hofu tele. Kumtaka arudi kijumbani ni kumtaka arudi kwenye maradhi na kuachwa, ili sisi tupate kitu cha kusikiliza usiku wa mvua.

Kwa albamu hiyo yeye na fundi wake, Chris Messina, waliunganisha vifaa na programu ili sauti moja igawanyike papo hapo kuwa nyingi. Kile alichokifanya kijumbani kwa kurudia na kurudia, sasa anakifanya kwa pumzi moja. Wimbo unaokionyesha waziwazi zaidi ni “715 - CREEKS”: hakuna gitaa, hakuna ngoma, ni yeye na mtambo tu. Na 715 ni namba ya simu ya eneo la Eau Claire, kwao.