Plastiki Inayonasa

Wanafunzi wanaokuja maabara kwetu kwa mafunzo ya vitendo nawaanzisha na kuosha, kupima baadaye. Sahani ya plastiki ina vishimo 96, na antijeni, yaani protini inayoshikwa na kingamwili, imelala humo usiku kucha kwenye friji. Asubuhi unamwaga, unaigonga sahani kifudifudi juu ya karatasi, na antijeni bado imo. Hakuna gundi: protini hujishika yenyewe kwenye polistirini.

Karatasi nayo hunasa. Miaka ya 1950 huko Bronx, New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walidondosha insulini yenye mionzi, iliyochanganywa na damu, kwenye ukanda wa karatasi, wakapitisha umeme. Insulini iliyoshikwa na kingamwili ilisafiri. Iliyokuwa huru ilinasa pale pale ilipodondoshwa. Yalow alipata Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki, na Nobel haitolewi kwa marehemu.

Mwaka 1967, Kevin Catt na Geoffrey Tregear wa Australia walifanya jambo ninalolihusudu mpaka leo: waliitumia tyubu yenyewe kunasa kingamwili. Ukishamwaga na kuosha, kilichoshikwa kimebaki ukutani. Basi! Mwaka 1971, watafiti Engvall na Perlmann kule Stockholm, na van Weemen na Schuurs kule Uholanzi, kila kundi kivyake, wakaweka kimeng'enya cha kutoa rangi badala ya mionzi. Sahani tayari ilikuwepo: Takátsy wa Hungaria alianza kuichonga mwaka 1951 kwa shughuli za virusi. Kufikia 1974 Voller na wenzake walikuwa wanapimia kingamwili za malaria humo.

Ubaya ni kwamba plastiki haichagui. Ukiacha nafasi wazi, kingamwili yoyote itajibandika hapo, na sahani nzima itageuka njano hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo nafasi hizo tunaziziba kwa protini isiyohusika, mara nyingi maziwa ya unga. Kopo letu limeandikwa kwa kalamu nyekundu: SI YA CHAI.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha zahanati, nacho hunasa, ila kwa utando wa nitroselulosi. Kingamwili zimepigwa mstari juu yake, zinasubiri antijeni ya vimelea ipite na damu. Mstari wa pili, wa udhibiti, hunasa kingamwili zenye rangi zinazosafiri na damu, malaria iwepo isiwepo. Usipotokea huo, usisome chochote. Tupa, fungua kingine.