Darajani pasipo na daraja

Mgeni anayeshuka daladala Darajani, Unguja, hulitafuta daraja asilione. Ataona soko, vikapu vya samaki na foleni ya magari. Lakini daraja lilikuwepo kweli, na chini yake ilipita bahari.

Mji Mkongwe ulisimama kwenye rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Hori liliingilia Funguni, likazunguka nyuma ya mji hadi karibu na Mnazi Mmoja, ambako palibaki ukanda mwembamba wa mchanga. Maji yakipwa, hori lilikuwa tope na takataka. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika mwishoni mwa 1856, hakuificha karaha yake. Maji yakijaa siku za bamvu, mji ulikaribia kuzingirwa. Walioishi upande wa pili wakawa watu wa Ng'ambo, na jina limewaganda hata leo, ambapo kinachovukwa ni barabara tu.

Soko lilipojengwa 1904 lilikuwa ukingoni mwa maji. Serikali ya kikoloni ikalifukia hori kipande kwa kipande. Upande wa Mnazi Mmoja ukawa viwanja vya michezo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 sehemu kubwa ilikuwa nchi kavu.

Uvundo ulipungua, sikatai. Ila hori lilikuwa bakuli pia: mvua ya Ng'ambo iliteremkia humo ikangoja bahari ipwe. Kazi hiyo ikaachiwa mitaro, na mtaro mdomo wake uko baharini. Bahari ikijaa, mdomo unazibwa. Hata mitaro mikubwa iliyojengwa miaka ya 2010 inaishia kulekule.

Wavuvi wanayajua mahesabu haya bila karatasi. Bamvu huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kati ya kujaa na kupwa maji hupishana kwa karibu mita 4. Yaliyo makubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba, na Machi ndipo masika yanapobisha hodi. Siku hizo bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua iliyoanza adhuhuri inafika mwisho wa mtaro na kuikuta bahari imesimama mlangoni. Inarudi ilikotoka.

Na saa kumi jioni ndiyo saa Darajani inapofurika watu. Wanaume wanakunja suruali, wanawake wanakusanya mabuibui mkononi, na muuza ndizi analinyanyua tenga lake kichwani.