Koo Kuuma Si Mchezo: Yote Unafaa Kujua Kuhusu Ugonjwa wa Vali za Moyo

Mtoto akisema koo inauma, mathe wengi mtaani wanajua dawa: maji vuguvugu na chumvi, ndimu, tangawizi, kisha alale. Mara nyingi inaisha hivyo tu. Lakini kuna koo moja ambayo inapoa, mtoi anarudi shule na kucheza mpira kama kawa, halafu miaka kumi baadaye ako hosi akiambiwa vali ya moyo imeharibika na inahitaji upasuaji. Ugonjwa huo unaitwa rumatiki ya moyo, na kwa vijana wa huku kwetu ndio sababu kubwa ya vali kuharibika.

Habari njema ni kwamba watafiti wamejua mengi kuuhusu, na baadhi ya kazi hiyo imefanywa hapa Afrika Mashariki. Hii hapa picha yote, kuanzia kwa koo hadi kwa kisu.

Vali ni nini?

Iko hivi: moyo una vyumba vinne na vali nne. Vali ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango unajifunga ili isirudi ilikotoka. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, hiyo milango inafunguka na kujifunga zaidi ya mara 86,000 kwa siku. Hakuna likizo.

Vali huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubana: mlango unakuwa mgumu, haufunguki vizuri, na damu inarundikana nyuma yake hadi kwa mapafu. Ya pili ni kuvuja: mlango haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma, na moyo unafanya kazi mara mbili. Wengine wana zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuna watu huzaliwa na vali mbovu. Wazee nao vali zao hukauka kwa kujaa chokaa, na hiyo ndiyo hali inayosumbua sana Ulaya na Marekani. Lakini kwa watoto na vijana wa Afrika, mshukiwa wa kwanza ni rumatiki, na vali inayoumia zaidi ni ile ya mitrali, upande wa kushoto wa moyo.

Koo inaingiana aje na moyo?

Kuna bakteria inaitwa streptokoka ya kundi A. Ikiingia kwa koo, mwili unatuma askari wake kupigana nayo. Shida ni kwamba sehemu za hiyo bakteria zinafanana na sehemu za mwili wako mwenyewe. Kwa watu wengine, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, askari wanachanganyikiwa na kuanza kushambulia viungo, ngozi, ubongo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki.

Dalili zake ni hizi: homa, goti linavimba leo na kesho ni kiwiko, mtoto anahema bure, au mikono na uso vinachezacheza vyenyewe bila yeye kutaka. Hiyo ya mwisho watu wengi hudhani mtoto ni mtundu au amerogwa.

Maumivu ya viungo huisha bila kuacha alama. Moyo ndio husahaulika vibaya. Homa ikirudi mara ya pili na ya tatu, kila mara vali inabaki na kovu jipya. Ugonjwa huu hupenda mahali watu wamesongamana, nyumba moja inalala watu sita, na kliniki iko mbali. Ndiyo maana nchi tajiri ziliusahau zamani, na sisi bado tunauzika nao.

Shida ni kubwa kiasi gani?

Makadirio yaliyochapishwa 2017 yalisema kwamba mwaka wa 2015 watu wapatao milioni 33.4 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 319,000 walikufa.

Kisha kuna utafiti unaoitwa REMEDY, uliofuata wagonjwa 3,343 kwa hospitali 25 za nchi 14: nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Ndani ya miaka miwili, karibu 17 kwa kila 100 walikuwa wamefariki. Hawa si wazee. Ni wasee wa kutafuta kazi na kulea watoto wadogo.

Wengi wao walifika hospitali wakiwa tayari wamechelewa. Na hapo ndipo swali kubwa la watafiti lilipotoka: tunaweza kuwapata kabla moyo haujaanza kulalamika?

Kucheki mapema: sikio la daktari halitoshi

Kwa miaka mingi, daktari aliweka stethoskopu kifuani na kusikiliza kama damu inapiga kelele ikipita kwa vali. Mwaka wa 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa shule 3,677 Kambodia na 2,170 Msumbiji. Kila mtoto alisikilizwa kwa stethoskopu, halafu akapimwa kwa eko, ile mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo ukipiga kwenye skrini.

Msumbiji, stethoskopu ilipata watoto 5. Eko ilipata 66. Kambodia ilikuwa 8 dhidi ya 79. Yaani kwa kila mtoto mmoja aliyegunduliwa kwa sikio, karibu wengine kumi walikuwa wanarudi nyumbani wakiambiwa wako fiti.

Mwaka wa 2012 Shirikisho la Moyo Duniani likatoa vigezo vya kutambua ugonjwa kwa eko, kisha likavifanyia marekebisho 2023. Siku hizi kuna eko ndogo ya kushikwa mkononi, na tafiti za Uganda na Fiji zimeonyesha kwamba wauguzi wanaweza kufunzwa kuitumia kuchuja watoto, kisha wale wanaotiliwa shaka wanapelekwa kwa mtaalamu. Si lazima daktari wa moyo aende kila kijiji.

Uganda wajibu swali gumu

Sawa, umempata mtoi mwenye dalili ndogo kwa eko, na yeye hana maumivu yoyote. Ufanye nini? Umdunge sindano kila mwezi kwa miaka, au umwache? Hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika.

Ndipo ukaja utafiti wa GOAL kaskazini mwa Uganda. Watoto na vijana 102,200 walipimwa kwa eko. Kati yao, 916 wa kati ya miaka 5 na 17 waliokuwa na ugonjwa uliojificha waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walidungwa penisilini kila wiki nne, nusu walifuatiliwa tu. Matokeo yakachapishwa kwenye jarida la New England Journal of Medicine.

Baada ya miaka miwili, kwa kundi la sindano ni watoto 3 tu waliozidiwa, yaani asilimia 0.8. Kwa lile kundi lingine walikuwa 33, asilimia 8.2. Tofauti hiyo si ya kubahatisha.

Lakini pia angalia upande wa pili. Hata bila sindano, wengi wa watoto hawakuzidiwa kwa hiyo miaka miwili. Na sindano yenyewe inauma, si mchezo, na inahitaji mtoto kurudi kliniki kila mwezi. Kwa hivyo kazi iliyobaki ni kujua ni watoto gani wanaihitaji zaidi, na kuhakikisha dawa haikosekani siku yao ikifika. Dozi ikirukwa, kinga inapungua.

Kuna jambo lingine watu huogopa: hadithi za mgonjwa kuzimia au kufa baada ya sindano. Mwaka wa 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilieleza kwamba baadhi ya vifo hivyo huenda havikutokana na mzio wa dawa, bali ni moyo uliokuwa umechoka sana kushindwa kuvumilia mshtuko. Likashauri wagonjwa wenye vali zilizoharibika vibaya wapewe vidonge badala ya sindano. Hiyo ni ya kuamua na daktari wako, si sababu ya mtu kujitoa kwa kliniki.

Vali ikishaharibika, kuna njia gani?

*Puto.* Vali ya mitrali ikibana, daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba kwa mshipa wa paja hadi moyoni, kisha afungue puto dogo linalopanua vali. Njia hii ilichapishwa 1984 na daktari Mjapani Kanji Inoue na wenzake. Kifua hakipasuliwi. Lakini vali lazima iwe bado laini na isiwe inavuja sana.

*Kurekebisha.* Daktari wa upasuaji anashona na kukaza vali yako mwenyewe. Ikiwezekana, ni poa kwa sababu unabaki na kitu chako.

*Kubadilisha.* Mwaka wa 1960 huko Marekani, daktari Albert Starr na injinia Lowell Edwards walitengeneza vali iliyofanya kazi, ikiwa na kampira ndani ya kizimba. Za leo ni za aina mbili. Ya chuma inadumu sana, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hivyo utameza dawa maisha yako yote. Ya tishu, iliyotengenezwa kutoka kwa nguruwe au ng'ombe, mara nyingi haihitaji hiyo dawa muda mrefu, lakini kwa kijana huchakaa haraka, na hapo unarudi tena kwa kisu.

Kuna pia vali inayoingizwa kwa mrija bila kupasua kifua, iliyofanywa mara ya kwanza na Alain Cribier wa Ufaransa mwaka wa 2002. Imesaidia wazee wengi wenye vali ya aota iliyojaa chokaa. Kwa rumatiki ya vijana, ambayo hukaa zaidi kwa mitrali, bado si jibu la kawaida.

Hapa Kenya upasuaji wa moyo hufanywa kwa hospitali kama Kenyatta na Tenwek kule Bomet, na kwa hospitali kadhaa za kibinafsi. Doh ndiyo noma, na familia nyingi huishia kwa mchango.

Dawa ya zamani iliyoshinda mpya

Dawa ya kuzuia damu kugandana kwa wagonjwa hawa inaitwa wafarini. Ni ya zamani na ina masharti: lazima upimwe damu mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR. Ikishuka, unaweza kupata kiharusi. Ikipanda, unaweza kuvuja damu. Kwa REMEDY, chini ya theluthi moja ya waliokuwa wakiitumia walikuwa na kiwango kinachofaa.

Kwa hivyo dawa mpya zisizohitaji kupimwa zilipokuja, kila mtu alifurahi. Lakini utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa 2022 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24, ulishangaza. Wote walikuwa na rumatiki ya moyo na mapigo yasiyo na mpangilio. Kiharusi, mshtuko wa moyo, kuganda kwa damu au kifo kiliwapata 560 wa dawa mpya ya rivaroksabani, na 446 wa dawa za aina ya wafarini. Ya zamani ikashinda. Na kwa wenye vali za chuma, jaribio la dawa nyingine mpya, dabigatrani, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu damu ilikuwa ikiganda na watu kuvuja zaidi. Ukiona mtu mtandaoni akikushauri uache wafarini ununue ya kisasa, chanuka.

Kama uko kwa wafarini, sukuma wiki, managu na mchicha zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa. Si ati uache kula mboga. Kula kiasi kilekile kila wiki. Na usimeze dawa za maumivu za kemisti au za kienyeji kabla ya kuuliza.

Akina dada, hii ni yenu

Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Vali iliyobana haiwezi kupitisha hiyo damu yote, na wanawake wengi hugundua ugonjwa wao wakiwa wajawazito, wakihema usiku na kudhani ni mzigo wa tumbo. Wafarini nayo inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya kwanza. Usiiache mwenyewe, maana damu inaweza kuganda kwa vali. Ongea na daktari kabla ya kushika mimba: kuhusu mpango wa uzazi, na kuhusu aina ya vali kabla ya upasuaji. Ni haki yako kuuliza.

Ufanye nini leo?

Koo ikiuma pamoja na mafua na kikohozi, mara nyingi ni virusi na antibiotiki haisaidii. Lakini ikiuma ghafla, na homa, matezi ya shingo yamevimba, na hakuna kikohozi, mpeleke mtoto kliniki. Ikiwa ni streptokoka, penisilini ikianzwa ndani ya siku tisa bado inaweza kuzuia homa ya rumatiki. Ukipewa vidonge vya siku kumi, vimalize vyote hata kama koo imepoa siku ya tatu.

Mtoto akivimba viungo vinavyohamahama, akihema akipanda ngazi, au akitaka kulala akiwa ameegemea mito, uliza kuhusu eko. Na kama tayari ako kwa sindano ya kila mwezi, andika tarehe inayofuata mahali kila mtu kwa nyumba anaiona. Bado hakuna chanjo ya hii bakteria sokoni. Kwa sasa, hiyo tarehe ndiyo ngao yake.