Mkubwa Amfundishe Mdogo: Njia Iliyotoka Madras Ikaenea Duniani

Mwaka 1789 kasisi wa Scotland, Andrew Bell, alikabidhiwa kituo cha yatima wa kiume huko Egmore, Madras, mji unaoitwa Chennai leo. Wengi walikuwa wana wa askari wa Kizungu waliozaa na wanawake wa Kihindi. Walimu wake hawakuwa na ari, na watoto wadogo walichelewa mno kuzijua herufi.

Siku moja Bell alipita penye shule ya watoto wa Kihindi. Aliwakuta wameketi chini, wakichora herufi kwa kidole mchangani. Akataka kituo chake kifanye vivyo hivyo, lakini mwalimu wa darasa la wadogo akasema haiwezekani. Bell akampa kazi hiyo mvulana wa miaka minane hivi, John Frisken. Wadogo wakasoma. Darasa lililomshinda mtu mzima likamtii mtoto mwenzao.

Bell alichapisha habari hizo London mwaka 1797. Mwaka uliofuata Mwingereza Joseph Lancaster alifungua shule yake Borough Road, mjini humo humo, ambako mwalimu mmoja, akisaidiwa na wanafunzi wakubwa, alihudumia mamia ya watoto. Njia hiyo ilienea Ulaya na kuvuka hadi Marekani.

Pwani yetu haikumsubiri Bell. Katika chuo cha Kurani, anayeanza alifu hukaa mkeka mmoja na anayekaribia kuhitimu msahafu. Mwalimu akishughulika na mmoja, aliyekwishavuka Juzuu Amma humsikiliza mdogo, humrekebisha irabu, humrudisha nyuma anapokosea. Kila mtoto huendelea kwa kasi yake. Na huyo mkubwa, kwa kumsomesha mwenzake, hulidurusu somo lake mwenyewe mpaka likakita.

Lakini shule za Lancaster ziligeuza msaada huo kuwa amri. Mtoto alikaririsha kundi zima maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa vizuri, nao waliotoa fedha walifurahia kupunguza gharama za walimu. Ndipo mawazo ya Wamarekani yakageukia Prussia, kwenye madarasa yaliyopangwa kwa umri. Mwishoni mwa miaka ya 1840 shule ya Quincy, Boston, ilifunguliwa kwa mpango huo, kila darasa na chumba chake na mwalimu wake. Huo ndio mpango tulioukuta sisi, na tumeuzoea hata tukadhani shule haiwezi kuwa vinginevyo.

Vijijini Colombia mpango huo ulikuwa haufai, kwani walimu walikuwa mmoja au wawili kwa shule nzima. Mwaka 1975 Vicky Colbert na wenzake walianzisha mpango wa Escuela Nueva: vitabu vya mwongozo ambavyo mtoto huvifuata hatua kwa hatua, vikundi vidogo vinavyosaidiana, na mwalimu aliyefunzwa kuzunguka baina yao. Serikali ikaupokea ukaenea nchini.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Tuna shule shikizi zenye watoto wachache na walimu wachache zaidi. Kuwachanganya wakubwa na wadogo kuna faida kubwa: mdogo hupata msaidizi aliyeyapita magumu hayo juzi tu, na mkubwa hujifunza subira na wajibu. Faida hiyo huja pale mwalimu anapofunzwa kazi hiyo na vitabu vinapokuwa vya kutosha. Serikali ikitaka kuwakusanya watoto chumba kimoja, iwapelekee kwanza hayo mawili. Mtoto amsaidie mwalimu. Asishike nafasi yake.