Kushua Chombo: Habari za Kompyuta ya Nyumbani Kisiwani Pemba

Katika lugha ya watu wa pwani neno chombo lina maana mbili zikaazo jirani. Chombo ni kitu chochote kitumiwacho kwa kazi. Na chombo ni jahazi, dau au mashua. Fundi wa Kipemba aundaye chombo cha bahari hajaimaliza kazi yake siku atiapo kalafati katika ufa wa mwisho. Ingali iko kazi ya kukishua, yaani kukiteremsha kutoka nchi kavu hata majini, na kazi hiyo haifanywi na mwenye chombo peke yake, awe na mali kiasi gani. Huitwa majirani na jamaa, wakashika kamba, wakavuta kwa sauti moja. Chombo kikiisha kuelea ndipo hujulikana kama chavuja au hakivuji, na ajuaye dawa ya kuvuja husema mbele ya wote.

Yaliyokipata chombo kingine, kisicho na tanga wala mkuku, hayakuwa mbali na haya. Kompyuta ya nyumbani ilipoingia katika visiwa vya Zanzibar aghalabu haikuja nzima na mpya. Ilikuja imekwisha kutumiwa na wengine, mara nyingi imepungua kiungo, na bila ya kitabu cha kuieleza. Historia yake yafaa kuchunguzwa, kwa sababu yaonyesha jambo lisemwalo kwa nadra katika habari za maendeleo: kwamba mashine haiwi mali ya watu siku inunuliwapo, bali siku wathubutupo kuifungua na kufundishana yaliyomo.

Mwanzo wa kompyuta katika Tanzania ulikuwa wa serikali. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ili isaidie katika hesabu za dola. Mashine za wakati huo zilijaza chumba. Zilihitaji hewa iliyopozwa, waendeshaji waliofunzwa kwa taabu, na fundi wa kampuni iliyoziuza, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeachiwa kazi ya kuzifungua. Kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotumainiwa, gharama zikazidi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingizwa nchini kompyuta na vifaa vyake, ila kwa ruhusa maalumu. Amri hiyo ilianza kulegea katika miaka ya 1980, ikaondoshwa katika miaka ya 1990.

Wako wanaoicheka amri ya 1974, lakini mwenye kuandika historia hana budi kuitazama kwa haki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973. Ukame wa miaka hiyo uliilazimisha nchi kununua chakula ng'ambo. Fedha za kigeni zilikuwa haba. Serikali iliona mbele yake mashine ya thamani kubwa, isiyoeleweka na wananchi, na iliyowafanya wawe wategemezi wa wataalamu wa kigeni. Katika kuona hivyo haikukosea. Ilipokosea ni kudhani kwamba kompyuta itabaki katika hali hiyo daima. Na bahati mbaya ni kwamba hali hiyo ilikuwa imekaribia mwisho.

Mwezi wa Januari 1975, mara tu baada ya mwaka wa marufuku, gazeti la Kimarekani liitwalo Popular Electronics lilitoa habari za mashine ndogo jina lake Altair 8800, iliyouzwa na kampuni ya MITS ya mji wa Albuquerque. Mnunuzi aliyetaka bei nafuu, chini kidogo ya dola 400, hakuletewa kompyuta. Aliletewa vipande, akatakiwa aviunganishe mwenyewe kwa risasi na chuma cha moto. Akiisha kuiunga, alikuwa na sanduku lisilo na kioo wala vibonye vya herufi. Mbele yake palikuwa na swichi na taa ndogondogo tu, na kumbukumbu yake haikuweza kuhifadhi zaidi ya herufi 256, kiasi cha mistari mitatu au minne ya maandishi. Walioitengeneza walitumaini kuuza mia chache. Maagizo yakaja kwa maelfu.

Wengi walioinunua walishindwa kuiwasha, na kushindwa huko kukazaa jamaa mpya. Tarehe 5 Machi 1975 watu 32 walikusanyika katika banda la gari la Gordon French, huko Menlo Park, California, wakaanzisha chama kilichokuja kuitwa Homebrew Computer Club. Desturi yao ilikuwa nyepesi: mwenye shida aliieleza mbele ya wenziwe, na mwenye dawa aliitoa bila ya malipo. Mmoja wao, Steve Wozniak, aliwagawia wenziwe michoro ya mashine aliyoibuni, nayo ndiyo iliyouzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I. Hivyo kompyuta ilitoka katika chumba cha dola ikaingia nyumbani, na mlango ilioupitia haukuwa wa duka bali wa baraza.

Na Pemba je? Zanzibar haikuwa nchi iliyoogopa mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianzisha televisheni ya rangi, isifiwayo kuwa ya kwanza kusini mwa Sahara, hali Bara ilingoja mpaka 1994. Lakini televisheni ni chombo cha kupokea. Mtazamaji hana la kuiongezea. Shule ya kweli ya mambo ya umeme katika visiwa ilikuwa redio. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, na katika miaka iliyofuata redio za transista, ziendazo kwa betri, zikafika hata vijiji visivyo na waya wa umeme. Redio huharibika, na fundi wa redio ni mtu wa kila mji wa pwani. Meza yake yenye chuma cha kulehemu, waya za risasi na makopo ya vipuri vya redio zilizokufa iliwafunza vijana mambo mawili: kwamba mashine ina ndani, na kwamba iliyokufa huweza kuihuisha nyingine.

Biashara ya visiwani ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wafanya biashara waliifuata tena njia ya kale ya Uarabuni, safari hii kwa ndege na meli za makasha badala ya majahazi ya kaskazi na kusi. Dubai ikawa soko la Wazanzibari, na miongoni mwa mali zilizotoka huko, na kutoka Ulaya, mna kompyuta za mtumba zilizoachwa na ofisi za watu wengine. Kwa mkulima wa Pemba, ambaye fedha yake kubwa huja kwa msimu wa karafuu, kompyuta mpya ilikuwa ndoto. Ya mtumba ilikuwa jambo la kushauriana na jamaa.

Palibaki kizuizi cha umeme. Unguja iliungwa na Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, lakini Pemba iliendelea kwa miaka 30 zaidi kutegemea mitambo ya dizeli iliyokuwa Wesha, karibu na Chake Chake, yenye gharama nyingi na nguvu ya kigeugeu. Mwaka 2010 waya wa kilovolti 33 ulilazwa baharini kutoka upande wa Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway, na kisiwa kikaungwa na gridi ya taifa. Tangu hapo kompyuta katika nyumba ya Wete au Mkoani haikuwa tena ajabu.

Lakini umeme haufundishi. Mwenye kununua sanduku la mtumba alikutana na maradhi ambayo kitabu, hata kingalikuwapo, kisingaliyataja, kwa kuwa mengine ni ya pwani hasa. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Hula ncha za shaba za kile mafundi wanachokiita ramu, yaani kumbukumbu ya muda, na kompyuta ikiwashwa hulia milio mifupi bila ya kuonyesha kitu katika kioo. Asiyejua huitupa. Ajuaye huichomoa ramu, akaisugua ncha zake taratibu kwa ufutio wa penseli wa mtoto wa shule, akairudisha. Na mara nyingi hupona.

Maradhi mengine huja na asili ya mashine. Kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo nyuma, yenye alama ya volti 115 na 230. Iliyotoka Marekani huwa imewekwa kwenye 115, na umeme wa Tanzania ni volti 230. Anayeichomeka bila ya kutazama husikia mshindo, akanusa moshi. Tena kuna kapasita, vijikopo vilivyosimama juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Nyingi zilizotengenezwa baina ya 1999 na 2007 zilitiwa maji mabovu ndani, zikavimba vichwa na kupasuka duniani kote. Na mashine za miaka hiyo ndizo zilizokuja kuwa mtumba. Fundi huvitazama vichwa vya kapasita kama mganga atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Na kompyuta isahauyo tarehe kila izimwapo haina kichaa. Betri yake ndogo ya volti 3, mfano wa sarafu, imekwisha.

Elimu hii haikupatikana kwa mtu mmoja. Njia kuu ya kuchunguza kompyuta iliyokufa ni kubadilisha kiungo kimoja kimoja kwa kingine kijulikanacho kuwa kizima, mpaka mkosa upatikane. Njia hiyo yataka viungo vizima, na mwenye kompyuta moja hana vya akiba. Basi huazima ramu kwa huyu, kiungo cha umeme kwa yule, na kesho huazimwa chake. Waswahili wana jina la kale la mambo kama haya: kikoa, ambapo watu hulishana kwa zamu, kila mmoja akiwa mwenyeji siku yake na mgeni siku za wenziwe. Katika kikoa cha vyakula mtu hushiba. Katika kikoa cha viungo vya kompyuta hufunzika, kwani kila aazimaye huja kuangalia kitu chake kinavyotumiwa, na huondoka akijua ugonjwa asiougua.

Yapo hata hivyo mambo mawili yaliyoupunguza ukoo huu wa Pemba ukilinganishwa na ule wa Menlo Park. Wale wa California waliyaandika waliyoyagundua katika jarida lao, na maandishi yakasafiri wasikofika wao. Mafundi wa visiwani husema zaidi kuliko kuandika; afapo fundi, au ahamapo kutafuta riziki Maskati, huondoka na maktaba. La pili ni lugha. Kompyuta ilisema Kiingereza peke yake, na kijana mwenye akili ya mikono lakini asiye na Kiingereza alisoma maonyo ya mashine kama asomaye hirizi. Jibu moja lilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Programu hizo zilijengwa juu ya kazi ya wapenzi wa nchi nyingi waliokubali kazi yao ifunguliwe, isomwe na ibadilishwe na yeyote. Hapa pia Kiswahili kiliingia katika kompyuta kwa sababu mlango haukufungwa.

Haifai kuusifu mtumba kupita kiasi. Nchi tajiri zimetuma Afrika, kwa jina la biashara na hata la sadaka, mashine nyingi ambazo ni taka tu, zenye risasi na sumu nyinginezo. Mkataba wa Basel wa 1989 na ule wa Bamako wa 1991 ilifanywa ili kuzuia usafirishaji wa taka za hatari. Kisiwa kidogo, chenye maji ya visima na udongo wa mikarafuu, kina sababu kubwa kuliko bara ya kuogopa jalala la namna hiyo. Ajuaye kutengeneza ndiye ajuaye pia kutenga lililo na uhai na lililo taka. Asiyejua hupokea yote, ama hukataa yote.

Na hapo ndipo amri ya 1974 inaporudi na somo lake. Kompyuta ya 1965 ilikuwa imefungwa, na kufungwa kwake kulizaa hofu, na hofu ikazaa marufuku. Kompyuta ya 1975 ilifunguka, ikazaa mafundi. Katika miaka ya karibuni nyingi zimeanza kufungwa tena: ramu hulehemewa moja kwa moja juu ya ubao, betri hugandishwa kwa gundi, parafujo hupewa vichwa visivyoingia bisibisi ya kawaida. Zimekuwa nyembamba na nzuri, na ufutio wa penseli hauna pa kupita. Kijana wa Chake Chake aliye na kompyuta ya namna hiyo amerudishwa, bila ya amri ya serikali yoyote, karibu na hali ya karani wa mwaka 1965: atumie, lakini asiguse ndani.

Hapana shaka nchi hupimwa kwa vyombo ilivyo navyo. Lakini watu wa Pemba, ambao wamekwisha kushua vyombo vingi, wajua kipimo kilicho cha kweli zaidi. Chombo kikivuja katikati ya bahari, haiulizwi kilinunuliwa kwa bei gani. Huulizwa ni nani humo ajuaye kutia kalafati.